Sisimizi wa Jikoni na Majimoto wa Mnazini

Leo tunazungumza juu ya wadudu wanaotusumbua majumbani. Tutakaa zaidi kwa sisimizi, ambao wengine huwaita chungu. Mende, kunguni na mchwa tutawagusa kidogo tu.

Hapa Bweni nazi ni chakula cha kila siku. Mama anakuna nazi, anakamua tui, na machicha yanamwagwa nyuma ya jiko. Mbuzi ya kukunia inaachwa sakafuni bila kufutwa. Haupiti muda, mstari wa sisimizi umekwisha fika. Mwenye nyumba anakasirika. Anawachoma kwa moto wa kuti, au anawamwagia maji ya moto. Kesho yake wamerudi, tena wengi kuliko jana. Kwa nini?

Kwa sababu wale tunaowaona ni wafanyakazi tu. Kazi yao ni kutafuta chakula na kukipeleka nyumbani kwao chini ya ardhi. Huko ndiko aliko malkia, na kazi yake ni kutaga mayai. Ukiua wafanyakazi mia moja, malkia anazaa wengine. Aina moja ya sisimizi wadogo wa rangi ya kahawia, ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa sana, wanaweza kuwa na malkia wengi katika kiota kimoja. Hao ni wagumu sana kuwamaliza.

Tena sisimizi haoni mbali. Anafuata harufu. Mmoja akipata sukari au mafuta ya samaki, anarudi kwao huku akiacha harufu njiani. Wenzake wanaifuata harufu hiyo, nao wanaongeza ya kwao. Basi ule mstari ni njia, kama njia yetu ya kwenda kisimani. Ukiua watu walio njiani na njia ukaiacha, wengine watapita.

Kwa hiyo, ukiona mstari usikimbilie kuua. Tulia kwanza, uufuate. Tazama wanatoka wapi na wanakwenda kwenye nini. Ondoa kile chakula. Halafu osha njia yao yote kwa maji ya sabuni, ukutani na sakafuni, mpaka harufu itoke. Ziba tundu kwa udongo uliokandwa vizuri au kwa saruji. Kama kiota kiko nje karibu na ukuta, unaweza kukimwagia maji yanayochemka, siku kadhaa mfululizo. Watoto wakae mbali. Lakini tuseme kweli, maji ya moto hayafiki pembe zote za kiota. La maana zaidi ni kuwanyima chakula. Machicha wape kuku, au yafukie mbali na nyumba. Mbuzi ifutwe ikiisha kazi tu. Samaki mkavu atundikwe kwenye susu, na chakula kifunikwe kwa kawa.

Kabati au meza ya chakula nayo ina dawa yake ya zamani. Weka kila mguu ndani ya kifuu au kopo lenye maji, na meza isiguse ukuta. Sisimizi hawezi kuogelea mpaka kwenye sukari. Ila hapa kuna jambo moja ambalo watu husahau. Maji ya kifuu ni mahali pazuri pa mbu kutagia mayai. Basi yamwage maji hayo mara mbili kwa wiki na kutia mengine, au utie matone ya mafuta ya taa juu yake. Haifai kumfukuza sisimizi na kumkaribisha mbu.

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia wasiwasi. Watu wengine wakichoshwa na sisimizi au kunguni huchukua dawa ya shambani, ile ya kupulizia mikorosho, wakaileta ndani. Wanaimwaga chini ya kitanda. Iliyobaki wanaitia katika chupa ya soda na kuiweka pembeni. Ndugu zetu, hii ni hatari kubwa. Dawa ya shambani ilipimwa kwa ajili ya shamba, mahali penye upepo, na si chumba alimolala mtoto mchanga. Na mtoto wa miaka miwili akiona chupa ya soda, yeye anajua ni soda. Hajui kusoma. Sisi tunaojua kusoma ndio tuliomwekea.

Dawa zenyewe nazo si za kuaminiwa kwa mazoea, ati kwa kuwa baba aliitumia. Dawa ya pamba iitwayo Thiodan ilisifiwa sana zamani. Mwaka 2011 mataifa yalikubaliana kuiondoa sumu iliyomo ndani yake, endosulfani, kwa sababu inakaa muda mrefu katika udongo na maji na inadhuru watu. Salfa nayo ni dawa ya ubwiri unga wa mikorosho, yaani ukungu. Kuinyunyiza kwa sababu ya kunguni ni kupoteza fedha na kujiumiza macho na kifua.

Mtoto akinywa dawa au mafuta ya taa, usimtapishe. Mafuta ya taa yakipanda tena yanaweza kuingia katika mapafu, na hayo ndiyo huua. Usikae kumnywesha tui au maziwa ukingoje uone. Mtoe mdomoni kile kilichobaki, mvue nguo zilizolowa, umwoshe ngozi, umkimbize kwa mganga wa zahanati. Chukua na chupa ile ile, ili mganga ajue ni sumu gani. Sisi wa Bweni tuko ncha ya kaskazini ya kisiwa, na hospitali ya wilaya iko Kilindoni, kusini huko. Safari hiyo si fupi kwa mtoto aliyekunywa sumu.

Wadudu wengine tuwapitie haraka. Mende anatoka chooni usiku na kutembea juu ya sahani zako. Basi tundu la choo liwe na mfuniko, na vyombo visilale vichafu. Kunguni hujificha kwenye matendegu na katika kamba za kitanda. Toa kitanda nje, kimwagie maji yanayochemka kila penye upenyo, na nguo za kulalia zichemshwe. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, maana mayai yaliyopona yatakuwa yameanguliwa. Wengi hushindwa na kunguni kwa sababu wanafanya mara moja tu. Mchwa si sisimizi, ingawa wanafanana kwa kuishi pamoja. Wataalamu wameona kuwa mchwa ni jamaa ya mende. Yeye hapendi mwanga wala ukavu, ndiyo maana hujenga vijia vya udongo juu ya nguzo. Vibomoe kila uvionapo, usirundike kuni ukutani, na maji ya kuogea yasituame penye msingi.

Turudi kwa sisimizi, maana bado hatujasema lililo kubwa kwa mkulima wa nazi. Yule sisimizi mdogo wa kahawia haishii jikoni. Anajenga pia chini ya mnazi, na huko ana ugomvi na majimoto. Majimoto ni wale wekundu wanaoshona majani kuwa kiota na kuuma vikali. Mkwezi anawachukia, na watu wengi huvichoma viota vyao. Hapo tunachoma askari wetu wenyewe.

Kuna kidudu kinachofyonza maji ya vidaka. Kidaka kikifyonzwa, hupukutika, au nazi hukua ndogo yenye makovu. Majimoto hukifukuza kidudu hicho. Jambo hili lilichunguzwa Unguja, karibu na mwaka 1950, na Mwingereza M. J. Way, na jina la kitaalamu la kidudu hicho limetokana na jina lake. Ilionekana kuwa minazi yenye majimoto wengi ilipata hasara ndogo. Lakini sisimizi wa kahawia wakizidi chini ya mti, majimoto hushindwa vita, na mnazi unabaki bila ulinzi. Baadaye watafiti wa Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi, ulioanza mwaka 1979, waliendelea na kazi hiyo hapa Tanzania Bara. Kwenye mikorosho nako majimoto wanapambana na wale wadudu tunaowaita mbu wa mikorosho.

Basi mwenye minazi afanyeje? Asipulizie dawa ya wadudu ovyo, maana itaanza na majimoto. Asilime chini ya miti mpaka ardhi ikawa tupu kabisa. Nyasi zikatwe fupi tu, kwa kuwa ardhi tupu humpa nguvu yule sisimizi. Akipanda michungwa au mipera katikati ya minazi, majimoto watapata majani laini ya kushona viota. Na kama mnazi mmoja una majimoto na wa jirani hauna, funga kamba kutoka mti hadi mti. Watapita juu kwa juu, bila kushuka chini aliko adui yao. Mkwezi naye ajipake majivu mikononi na miguuni kabla ya kupanda.