Mwanafunzi alikuwa anamtazama mwalimu wake

Julai 30, 1971, watu 125 wa mji wa Fuji nchini Japani walikuwa wanarudi nyumbani baada ya matembezi ya pamoja kisiwani Hokkaido. Walikuwa wamesafiri na umoja wa familia zilizofiwa na ndugu zao katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Vita ilikwisha miaka 26 nyuma. Hawa ni watu waliokwishapokea habari ya msiba kutoka mbali, na sasa walikuwa wametoka kupumzika.

Ndege yao ilichelewa. Ilikuwa Boeing 727 ya shirika la All Nippon Airways, safari namba 58, ikipaa kutoka uwanja wa Chitose kwenda Haneda, Tokyo. Ndani kulikuwa na abiria 155 na wafanyakazi 7.

Saa 8:02 mchana, ikiwa futi 28,000 juu ya mji mdogo wa Shizukuishi, mkia wake uligongana na bawa la ndege ya kivita ya Japani, aina ya F-86 Sabre. Ndege ya abiria ilisambaratika angani. Watu wote 162 walikufa. Hadi siku ile, hakuna ajali ya ndege duniani iliyokuwa imeua watu wengi kiasi hicho. Rubani wa ndege ya kivita alishuka kwa parachuti, akapona.

Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Ndiyo maana swali la kwanza la mtu yeyote ni lile lile: hawakuonana?

Mimi huandika habari za afya, mambo ya anga si fani yangu. Lakini nilipoanza kuisoma ajali hii nilijikuta narudi kwenye macho, na kwenye jambo ambalo kila mzazi anayevusha mtoto barabara anapaswa kulijua.

Rubani yule wa Sabre alikuwa mwanafunzi wa miaka 22, mwenye saa zipatazo 21 tu katika aina ile ya ndege. Alikuwa anajifunza kuruka kwa kufuatana na ndege ya mkufunzi wake. Katika zoezi la namna hiyo kazi yako kubwa ni kumtazama kiongozi wako: akipinda unapinda, akinyooka unanyooka. Ukiangalia pembeni, unampoteza au unamgonga. Mkufunzi alipoiona ndege ya abiria alimwonya kwa redio, lakini muda ulikuwa umekwisha.

Tunadhani macho yakiwa wazi yanaona kila kitu kilicho mbele. Siyo kweli. Sehemu ya jicho inayoona vizuri kabisa ni ndogo mno, eneo linalolingana na ukucha wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Kwingineko kote tunaona kwa ukungu, na tunashtuka hasa kitu kikitembea. Sasa, vyombo viwili vikienda moja kwa moja kwenye mgongano, kila kimoja huonekana kwa mwenzake kama kimesimama mahali pamoja. Hakisogei kulia wala kushoto. Kinakua tu, polepole mwanzoni, halafu ghafla kinajaza dirisha.

Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani unakadiria kwamba rubani anahitaji kama sekunde 12.5 tangu aone kitu, akitambue, aamue, mpaka ndege yenyewe iitikie. Kwa mwendo wa ndege kama ile Boeing, hizo ni zaidi ya kilomita 3. Kutoka umbali huo, ndege ya kivita ni kama kichwa cha njiti ya kiberiti mbele ya macho yako.

Kesi ilichukua miaka. Mahakama ya kwanza iliwatia hatiani wote wawili. Kwenye rufaa mwanafunzi akaachiwa huru. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu ilimpa mkufunzi kifungo cha miaka 3 kilichoahirishwa, ikizingatia kwamba lawama haikuwa yake peke yake, kwa kuwa wakubwa zake walipanga mazoezi karibu mno na njia ya ndege za abiria. Kwangu hapo ndipo penye uzito. Mkuu wa wakala wa ulinzi alikuwa amejiuzulu zamani, na maeneo ya mazoezi ya kijeshi yalikuwa yameshatengwa na njia za abiria. Utengano huo ungeweza kupangwa kabla.

Siku hizi ndege kubwa zina mitambo inayotambuana na kumwambia rubani apande au ashuke. Hata hivyo, karibu na ardhi mitambo hiyo haitoi amri hizo. Januari 29, 2025, mjini Washington, ndege ya abiria iliyokuwa inakaribia kutua iligongana na helikopta ya jeshi juu ya mto Potomac. Walikufa watu 67, miongoni mwao watoto wachezaji wa kuteleza kwenye barafu pamoja na wazazi wao. Waongozaji waliwauliza wa kwenye helikopta kama wanaiona ndege. Walijibu kwamba wanaiona.

Turudi barabarani. Mtoto mdogo bado hajaweza kupima vizuri kasi ya gari, na bodaboda inayomjia usoni humwonekea kama imesimama. Hatari zaidi ni yule anayevuka nyuma ya kaka au dada yake. Macho yake yako mgongoni kwa mkubwa, kama mwanafunzi wa Sabre. Mkubwa amepima nafasi yake yeye, hakupima ya mdogo aliye hatua tatu nyuma.

Kwa hiyo msipange mstari. Shikaneni mikono, mvuke mkiwa sambamba. Kabla ya kukanyaga lami, usimuulize mtoto "umeangalia?" kwa kuwa atasema ndiyo. Mwambie akutajie anachokiona kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena. Juzi mpwa wangu wa miaka sita alinitajia mbuzi, duka la mangi na mwanamke mwenye ndoo. Pikipiki hakuitaja, na ilikuwepo. Tulisubiri ipite.