Daktari wa Mifugo Ajifunze Kusoma Zizi

Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo akifika kwenye boma la wafugaji Wabarabaig chini ya Mlima Hanang, cha kwanza atakachoonyeshwa ni ng'ombe mgonjwa. Amelala, hali majani, tezi za chini ya masikio zimevimba. Mwanafunzi anajua la kufanya. Atapima joto, atakuta limepita nyuzi 40, atashuku ndigana kali, atachoma sindano. Wenye boma watamshukuru, naye ataondoka akiwa na furaha ya haki kabisa. Kundi lililobaki litaendelea kupoteza ndama kama mwaka jana na mwaka juzi, kwa kuwa hakuna aliyeuliza habari za ng'ombe waliosimama.

Somo linalowahusu hao waliosimama ni afya ya kundi na usimamizi wa uzalishaji. Hapa Tanzania madaktari wa mifugo husomea Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, ambako mafunzo haya yalianza mwaka 1976 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla SUA haijawa chuo kinachojitegemea mwaka 1984. Shahada huchukua miaka 5, na sehemu kubwa ya miaka hiyo mwanafunzi humtazama mnyama mmoja mmoja: mifupa yake, damu yake, kidonda chake. Hapana budi iwe hivyo, maana asiyemjua mnyama mmoja hawezi kulijua kundi. Ila katika afya ya kundi mgonjwa ni zizi zima, na dalili zake ni namba: majike wangapi walizaa mwaka huu, ndama wangapi walifika umri wa kuachishwa ziwa, mitamba walipata mimba wakiwa na umri gani, wanyama wangapi waliuzwa na kwa nini.

Taaluma hii ilikomaa kwenye mashamba ya maziwa ya Ulaya, Marekani, Kanada na Australia katika miongo iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia. Kitabu cha Otto Radostits na Douglas Blood, Herd Health, kilichotoka mwaka 1985, kililea madaktari wengi duniani. Mafundisho ya namna hiyo huanzia kwenye shamba lenye daftari: kila ng'ombe ana namba, na tarehe za kupandwa na kuzaa zimeandikwa. Ukilipeleka somo hilo Hanang kama lilivyo, siku ya kwanza linakwama, na mwanafunzi huandika kwenye ripoti yake kwamba mfugaji hana kumbukumbu.

Hapo ndipo anapokosea sana. Kumbukumbu zipo, tena nyingi, ila zimo kichwani mwa mwenye ng'ombe. Mzee wa Kibarabaig anamjua kila jike kwa rangi, kwa pembe na kwa ukoo: huyu mama yake alitolewa mahari, yule bibi yake alitoka kwa mjomba. Kwa hiyo wataalamu wa mifugo wa maeneo ya wafugaji wana njia yao ya kuuliza historia ya uzazi. Jioni kundi linaporudi, au alfajiri kabla halijatoka, mwanafunzi anasimama zizini na mwenye mali, na kila jike lililokwisha kuzaa linaulizwa habari zake. Limezaa mara ngapi? Mzao wa kwanza alikuwa jike au dume? Yuko wapi leo? Kama alikufa, alikufa kabla au baada ya mvua, na alikuwa na dalili gani? Kama ameondoka, aliuzwa, alichinjwa, alitolewa mahari au yuko kwa ndugu? Kazi hii inachosha na haiendi haraka. Pia ina adabu yake, kwa sababu kumuuliza mtu idadi ya ng'ombe wake ni sawa na kumuuliza ana kiasi gani benki. Anayeanza na swali la jumla atapewa jibu la uongo la heshima. Akianza na ng'ombe mmoja aliye mbele yao, hesabu itajikusanya yenyewe.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Boma lina majike 30 waliokwisha kuzaa, na kila jike linazaa mara moja kila miezi 24. Kwa mwaka watazaliwa ndama 15. Wakifa 5 kabla ya kutimiza mwaka, wanabaki 10, na takriban nusu yao ni majike. Kila mwaka majike 4 wakizeeka, wakifa au wakiuzwa, wale mitamba 5 wanatosha kuziba pengo na kuongeza mmoja. Kundi limesimama karibu palepale. Sasa daktari akimponya ng'ombe mmoja mgonjwa, ameokoa mmoja. Akisaidia vifo vya ndama vishuke kutoka 5 hadi 2, ameokoa 3, na mwakani 3 wengine. Muda kati ya mzao na mzao ukipungua hadi miezi 18, majike walewale 30 watazaa ndama 20 kwa mwaka badala ya 15. Mwanafunzi akishaifanya hesabu hii mwenyewe kwa ng'ombe aliowagusa, hatatembea tena zizini akitafuta tu aliyelala.

Namba peke yake haisemi sababu, na sababu ndiyo inayohitaji udaktari. Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 na kitu. Ili jike lizae kila mwaka, linapaswa kushika mimba tena ndani ya siku 80 hivi baada ya kuzaa. Jike lililokonda mwisho wa kiangazi haliwezi. Mbavu zinahesabika, mifupa ya nyonga imetokeza, mwili umefunga mlango wa uzazi mpaka majani yarudi. Hapo mwanafunzi hufundishwa kupima hali ya mwili kwa alama 1 hadi 5, kwa macho na kwa mkono mgongoni, na kuirudia kazi hiyo kwa kundi zima. Ataona kuwa tatizo alilofikiri ni la mji wa mimba kumbe ni la malisho. Wakati mwingine kinyume chake: ng'ombe wamenona lakini mimba zinatoka. Mimba nyingi zikitoka kwa mkupuo baada ya mvua kubwa, fikra iende haraka kwenye homa ya Bonde la Ufa, iliyozuka nchini mwaka 2007, mkoa wa Manyara zilipo Hanang na Mbulu ukiwemo, na kuua watu zaidi ya 100. Ng'ombe mmoja akitoa mimba, huenda ni ajali. Zizi zima likitoa mimba, hiyo ni taarifa ya kupelekwa wilayani siku hiyohiyo.

Kuhusu ndama, wa kuulizwa ni mama wa boma. Katika mila za wafugaji wa huku wanawake ndio wenye kukamua, na anayekamua ndiye anayegawa maziwa kati ya ndama na watoto wa nyumbani. Anajua ndama yupi ananyonya vibaya, yupi ameanza kuharisha, nani alikufa wiki ipi. Nimeona ripoti nzuri kwa sura ambazo hazina neno hata moja kutoka kwa mwanamke, na sehemu ya vifo vya ndama ilikuwa makisio matupu.

Ndigana kali yenyewe inafundisha vizuri kwa nini tufikirie kundi. Inaletwa na kupe wa kahawia wa masikioni na inaua ndama zaidi ya wakubwa. Iko chanjo iliyotokana na vimelea vya Muguga, Kenya: ndama hupewa vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini inayodumu mwilini, augue kidogo kisha abaki na kinga ya muda mrefu. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea kwa wingi. Lakini chanjo hiyo inatunzwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, kila mrija una dozi za ndama wengi, na ukishayeyushwa haudumu zaidi ya saa chache. Huwezi kumchanja ndama mmoja. Lazima maboma yakubaliane siku, ndama wakusanywe, fedha zichangwe. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuitisha mkutano wa kijiji na kusikilizwa anaweza kuijua chanjo hii yote na asichanje hata ndama mmoja.

Kuna jambo jingine la Hanang ambalo halimo kwenye vitabu vya dawa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa katika tambarare za Basotu, na hatimaye yakafikia takriban ekari 100,000. Tambarare hizo zilikuwa sehemu bora ya mzunguko wa malisho wa Wabarabaig, walikopeleka mifugo kwa msimu. Wanakijiji wa Mulbadaw waliifikisha kesi ya ardhi mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, Mahakama ya Rufani ikaibatilisha mwaka 1985. Daktari anayepima ng'ombe waliokonda Hanang bila kuuliza walikuwa wakilisha wapi zamani na wanalisha wapi sasa, ameacha nje nusu ya uchunguzi. Kwa maoni yangu ramani ya malisho, maji na chumvi ya Ziwa Balangida ichorwe kabla ya kuchukuliwa damu hata tone.

Ukipanda wilaya ya Mbulu, darasa linabadilika. Wairaqw ni wakulima na wafugaji kwa pamoja, kwenye milima yenye watu wengi na mashamba madogo ya mahindi, maharage na vitunguu saumu. Nyumba ina ng'ombe wachache, wanalishwa mabua, na samadi yao ni mali kama maziwa. Hapa huwezi kupata majike 30 kwenye zizi moja. Zaidi ya hapo, ng'ombe walio nyumbani huenda si wa nyumba hiyo: desturi ya kukabidhiana ng'ombe kwa ndugu na marafiki ni ya miaka mingi, na ni busara, kwa sababu ugonjwa ukivamia nyumba moja haumalizi mali yote ya mtu. Lakini pia ni njia ambayo ugonjwa husafiri, hasa ule wa kutupa mimba, kwa majike wanaohama na dume linaloazimwa. Kwa hiyo kundi la Mbulu ni kitongoji. Mwanafunzi achore nani ana ng'ombe wa nani.

Na Mbulu ina nguruwe. Helena Ngowi wa SUA na wenzake walipapasa ndimi za nguruwe 770 katika vijiji 21 vya wilaya hiyo, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 walikuta uvimbe wa tegu kwa asilimia 17.4. Wastani huo unaficha kitu: kijiji kimoja kilikuwa na asilimia 3.2, kingine 46.7. Na kupapasa ulimi huwakosa nguruwe wenye maambukizi machache, kwa hiyo hali halisi ilikuwa mbaya zaidi. Mzunguko ni huu: mtu mwenye tegu tumboni anajisaidia porini, nguruwe aliyeachiwa huru anakula mayai ya tegu, nyama yake isiyoiva vizuri inamrudishia mtu tegu. Mtu akimeza mayai yenyewe, uvimbe hukaa kwenye ubongo wake na kuleta kifafa. Utafiti wa Hospitali ya Kilutheri ya Haydom uliowapiga picha za ubongo watu zaidi ya 200 wenye kifafa ulikuta dalili za ugonjwa huu kwa karibu watu 18 kati ya kila 100.

Baadaye kundi hilohilo la SUA lilijaribu elimu ya afya katika vijiji vya Mbulu, na matokeo ya mwaka 2008 yanastahili kufundishwa kila mwaka. Maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua kwa kiasi cha asilimia 43, na watu walipunguza kula nyama yenye uvimbe, ingawa vyoo na mabanda havikubadilika kwa kiwango kilichotarajiwa. Mwanafunzi anajifunza hapa kupima kilichotokea kwa mnyama, kwa mlaji na kwa nyumba, kila kimoja peke yake.

Kutokana na haya yote, naamini mafunzo ya siku chache za kuzungushwa kwa basi hayatoshi. Mwanafunzi apewe kijiji kimoja Hanang au Mbulu, akifikie mwisho wa kiangazi na akirudie baada ya mvua, kwenye maboma yaleyale, apime ng'ombe walewale. Afisa mifugo wa kata awe mwalimu wake wa kwanza huko, na alipwe kwa kazi hiyo. Ripoti isomwe zizini kwa Kiswahili, pakihitajika kwa mkalimani wa Kidatoga, lugha ya Wabarabaig, au wa Kiiraqw, mbele ya mzee mwenye ng'ombe na mama anayekamua: majike wangapi, ndama wangapi walizaliwa, wangapi walikufa na lini, na jambo gani moja lianze kubadilishwa msimu ujao. Wakisema namba si sahihi, zirekebishwe hapohapo kabla hazijafika Morogoro.