Kiingereza katika Exetat: maneno wanayajua, lakini maandishi yanawashinda

Siku ya lugha katika mtihani wa Serikali, Exetat, mwanafunzi anayemaliza sekondari hukuta Kifaransa na pia Kiingereza. Anapewa maandishi, anayasoma, kisha anachagua jibu moja kati ya matano kwa kila swali. Amesoma Kiingereza kwa miaka. Anajua kusalimia, anajua kuhesabu, anajua orodha ndefu za vitenzi alizozikariri kwenye kaye yake. Lakini mbele ya maandishi yale, wanafunzi wengi huanza kubahatisha.

Ajabu ni kwamba mambo yanayosemwa humo si mageni kwao. Maandishi ya kufundishia Kiingereza katika mashule ya sekondari huzunguka sana mambo matatu: maisha ya jamii, mazingira na teknolojia. Miti inayokatwa, mito inayojaa takataka, simu zilizobadili namna ya kuishi, vijana wanaohama vijiji kwenda mijini. Mtoto wa Goma, Bukavu, Beni au Uvira hahitaji kuelezwa mambo hayo. Anayaona akienda shuleni.

Basi shida iko wapi?

Si alama tu zinazopotea

Exetat ilianza mwaka 1967, na hadi leo ndiyo mlango wa kuingia chuo kikuu. Asiyepata diploma ya Serikali, njia yake inafungwa mapema. Kwa mzazi wa mashariki mwa Kongo, ambako vita vimekatisha masomo ya watoto wengi na kuzifukuza familia kutoka makwao, kila alama ina uzito.

Lakini kuna sababu nyingine. Mwaka 2022 Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako Kiingereza ndicho lugha ya kazi ya ofisi nyingi. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuacha Kifaransa na kufundisha kwa Kiingereza. Uganda inafundisha kwa lugha hiyo tangu zamani. Mfanyabiashara wa Butembo anayeagiza bidhaa kupitia Kampala, au kijana wa Bunia anayetafuta chuo upande wa pili wa mpaka, hukutana na fomu na mikataba ya Kiingereza. Kiswahili kinamsaidia kuzungumza sokoni. Lakini kabla ya kutia sahihi, lazima asome na kuelewa.

Tena, mengi yanayoandikwa na wataalamu wa dunia kuhusu milima ya moto ya Virunga, gesi ya Ziwa Kivu, koltani na kobalti huandikwa kwa Kiingereza. Kijana asiyeweza kuyasoma atangoja mtu mwingine amweleze habari za udongo anaoukanyaga.

Lugha ya nne kichwani

Watoto wengi wa huku hufika kwenye Kiingereza wakiwa wamebeba lugha tatu. Nyumbani Mashi, Kinande, Kilega au Kifulero, njiani Kiswahili, darasani Kifaransa. Kiingereza kinakuja cha nne, na karibu kila neno lake linapitishwa kwanza kwenye Kifaransa.

Njia hiyo ina faida kubwa. Maneno mengi ya mazingira na teknolojia yanafanana katika lugha hizo mbili: "pollution", "population", "volcano", "lava", "gas", "energy", "machine". Mwanafunzi wa Kongo anayatambua hata kabla mwalimu hajayafundisha. Wachache wanaambiwa kwamba hiyo ni mali waliyo nayo tayari.

Lakini kuna maneno yenye sura ya Kifaransa na maana tofauti kabisa. "Library" ni maktaba, mahali pa kuazima vitabu. Wala si duka la vitabu. "Actually" maana yake ni kwa kweli, si wakati huu. "Eventually" ni mwishowe, si labda. "Attend" ni kuhudhuria, si kungoja. "Lecture" ni somo linalotolewa na mwalimu wa chuo, si kazi ya kusoma. Anayetunga maswali anaweza kuweka jibu moja linalofuata maana ya Kifaransa, na hapo ndipo watahiniwa wengi huangukia. Orodha ya maneno kama ishirini ya namna hiyo, iliyoandikwa mwishoni mwa kaye na kurudiwa mara moja kwa juma, inaweza kuokoa alama nyingi kuliko kurasa nyingi za vitenzi.

Maneno mengine hayahitaji kamusi, yanahitaji kukatwa vipande. "Landslide" lina ardhi na kuteleza ndani yake: ni maporomoko ya udongo. "Deforestation" limebeba neno la msitu, na herufi zake za mwanzo zinaonyesha kuondoa: ni kuumaliza msitu kwa kukata miti. Mtu wa Kalehe, aliyeona mafuriko na maporomoko ya Mei 2023 kule Bushushu na Nyamukubi, ambako watu zaidi ya 400 walipoteza maisha, ana habari yote kichwani. Kilichobaki ni kuijua kwa jina lake la Kiingereza.

Maneno madogo yanayogeuza maana

Mwanafunzi anapotafsiri neno kwa neno, macho yake hutafuta maneno makubwa na kuruka yale madogo. Na mara nyingi jibu liko katika yale madogo.

Chukua sentensi hii: "Although the dam is old, it still gives light to the town." Anayeona "dam" na "old" tu atachagua jibu linalosema bwawa limeacha kufanya kazi. Lakini "although" ni ingawa. Sentensi inasema kinyume: ingawa bwawa ni la zamani, bado linaleta umeme mjini. "However", "but", "unless" na "instead of" ni ndugu zake. Kila moja linapotokea, msomaji asimame kidogo, kwa maana mwendo wa habari unabadilika.

"Few" na "a few" yanatofautiana kwa herufi moja tu. "A few pupils have a computer" ni wanafunzi kadhaa wana kompyuta. "Few pupils have a computer" ni wanafunzi wachache mno, karibu hakuna. Sentensi ya kwanza inaeleza walio nayo, ya pili inalalamikia upungufu.

Halafu kuna "it". Hapa Kiswahili kinaweza kumfundisha mtoto jambo muhimu. Tukisema "kampuni ilikata miti karibu na mto kwa sababu ilihitaji ardhi", ile "i" inatuonyesha kwamba anayehitaji ardhi si mto. Kama ungekuwa mto, tungesema "ulihitaji". Kiingereza hakina alama hiyo. "It" ni lile lile kwa kampuni, kwa mto, kwa shule na kwa simu. Msomaji analazimika kurudi nyuma na kujiuliza: ni kitu gani kinachosemwa? Maswali mengi ya kuelewa maandishi yanauliza jambo hilo hilo. Mwalimu anayewaomba wanafunzi waseme sentensi kwa Kiswahili kizuri, chenye upatanisho kamili, ataona mara moja nani ameelewa na nani anakisia.

Kujua habari kunaweza kuponza

Kuna mtego mwingine, na huu unawanasa hata wanafunzi hodari. Ni pale mtahiniwa anapojibu kwa yale anayoyajua badala ya yale yaliyoandikwa.

Tuseme maandishi yanahusu mto Ruzizi. Mto huo unatoka Ziwa Kivu pale Bukavu, na chupa za plastiki zinazotupwa mjini na ziwani hukokotwa na maji hadi kwenye bwawa la Ruzizi, zikasumbua mitambo ya umeme. Kila mkaaji wa Bukavu anajua hayo, na anajua pia kukosekana kwa umeme. Sasa tuseme mwandishi wa maandishi anaeleza sababu moja tu: mifereji ya mvua inabeba takataka kutoka mitaani hadi ziwani. Swali linauliza, kulingana na maandishi, plastiki inafikaje ziwani. Katika majibu matano kuna moja linalosema wasafiri wa mashua huzitupa. Jambo hilo linaweza kuwa kweli, na mtahiniwa amewahi kuliona kwa macho yake. Lakini maandishi hayakulisema. Akilichagua, amekosa.

Maneno "according to the text" yanaposimama mbele ya swali, yanaweka mpaka. Yanasema: weka kando uliyoyaona, niambie mwandishi amesema nini. Ujuzi wa mambo ya kwao unamsaidia mtoto kufungua maandishi haraka na kukisia maana ya neno gumu. Lakini wakati wa kuchagua jibu, kidole chake lazima kiweze kugusa mstari unaolithibitisha. Asipoupata mstari, ajue kwamba anajibu kwa kumbukumbu zake mwenyewe.

Katika teknolojia mtego huo unaonekana zaidi, kwa sababu hisia ziko karibu. Koltani inayochimbwa Kivu hutoa tantali, madini yanayotumiwa kutengeneza vipande vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu. Kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga inaingia katika betri, na Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani. Maandishi yakisema "old batteries may poison the soil", mwandishi anasema betri za zamani zinaweza kutia sumu udongoni. Hakusema kwamba kila betri inafanya hivyo. "May", "can", "must" na "always" ni mizani ya uhakika. Mwanafunzi mwenye uchungu na nchi yake anaweza kuchagua jibu kali zaidi kwa sababu linampendeza moyoni, wakati mwandishi alisema kwa kiasi.

Na zoezi hilo halimfaidii mtahiniwa peke yake. Anayezoea kutenganisha lililoandikwa na linalodhaniwa ataweza pia kusoma ujumbe unaosambazwa kwa simu wakati wa vita na kuuliza: nani amesema, na amesema nini hasa? Katika majimbo ambako uvumi mmoja unatosha kuhamisha mtaa mzima usiku, hilo si jambo dogo.

Bila vitabu, inawezekana

Shule nyingi hazina vitabu vya kutosha, na kuna madarasa ambamo kitabu cha Kiingereza kiko mikononi mwa mwalimu peke yake. Hata hivyo maandishi ya mistari kumi yanaweza kuandikwa ubaoni. Wanafunzi wakiyanakili, wanayo nyumbani kwa juma zima.

Kazi yenyewe ina hatua chache. Kwanza wasome maswali, ili wajue wanatafuta nini. Kisha wasome maandishi yote mara moja bila kusimama kwa neno gumu, na waseme kwa sentensi moja ya Kiswahili au Kifaransa habari inahusu nini. Mara ya pili wapige mstari chini ya maneno madogo yanayogeuza maana. Halafu wajibu, na kila mmoja aonyeshe mstari uliompa jibu. Zoezi la mwisho ndilo linalochekesha darasa: kila kikundi kitunge swali moja lenye jibu la uongo linalofanana na kweli, kiwape wenzao. Anayetunga mtego leo, kesho ataugundua haraka.

Wazazi wasiojua Kiingereza wanaweza kusaidia pia. Jioni, mtoto akisha kusoma, aulizwe maswali mawili kwa Kiswahili: "Huyo aliyeandika anasema nini? Umeona wapi?" Swali la kwanza linapima kama ameelewa. La pili linamrudisha kwenye karatasi, akatafute mstari, auweke kidole, na ausome kwa sauti.