Mzigo na Pumziko: Utangulizi wa Sayansi ya Mazoezi kwa Msomaji wa Kabungu

Mvua za kwanza zikishanyesha, mwezi wa Novemba, Kabungu huhamia shambani. Jembe hupanda na kushuka tangu kunapopambazuka, na mtu hurudi nyumbani mgongo ukiwa mzito. Ukimwambia mtu huyo kwamba jioni afanye mazoezi, atakuuliza swali la haki kabisa: "Na kule shambani nilikuwa nafanya nini?" Nimelifanya swali hilo kuwa mlango wa utangulizi huu, kwa sababu wataalamu wa sayansi ya mazoezi ya mwili bado wanabishana juu yake.

Jibu langu ni hili. Jembe na mazoezi hutoa jasho lilelile, ila kwenye mazoezi wewe mwenyewe unapanga mzigo, na wewe mwenyewe unapanga pumziko. Shambani mvua ndiyo inayopanga. Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini karibu kila jambo analopaswa kulijua anayeanza limo ndani yake.

Tuanzie mbali kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 daktari Jeremy Morris alitaka kujua kwa nini ugonjwa wa moyo ulikuwa ukiwaua wanaume wengi wa makamo huko Uingereza. Akayatazama mabasi ya ghorofa ya London. Kila basi lilikuwa na dereva aliyekaa kutwa, na kondakta aliyekata tiketi huku akipanda ngazi kati ya 500 na 750 kwa siku ya kazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1953 yalionyesha kwamba makondakta waliugua moyo mara chache kuliko madereva, na wachache zaidi kati yao walikufa ghafla. Mimi namheshimu Morris zaidi kwa shaka iliyomjia baadaye. Alijiuliza: je, kama wanene ndio walioelekea kwenye udereva tangu mwanzo? Akaenda kwenye kumbukumbu za sare za kazi, akalinganisha vipimo vya viuno vya suruali, na kweli akakuta madereva wana viuno vipana. Ikabidi yeye na wenzake warudi kuchunguza upya, wakilinganisha mnene na mnene, mwembamba na mwembamba. Nafuu ya kondakta ikabaki palepale. Ukianza kusoma taaluma hii, jifunze kwanza shaka ya namna hiyo, maana ushauri wa mazoezi unaozagaa mitaani ni mwingi na uliopimwa ni mchache.

Kabungu nayo ina madereva na makondakta wake. Mashine ya kusaga imepunguza kazi ya kinu na mchi. Pikipiki imechukua safari ya Mpanda mjini ambayo zamani ilikuwa ya baiskeli au ya miguu. Simwombei mama yeyote arudi kutwanga. Miaka aliyookolewa ni haki yake. Hata hivyo mwili ulikuwa ukipata kitu katika safari ile na katika mchi ule, na kitu hicho kimeondoka bila kuaga. Kijana wa bodaboda anaweza kuzunguka tangu asubuhi hadi usiku, akachoka kikweli kwa vumbi na mtikisiko, bila moyo wake kwenda mbio hata robo saa. Hali ni hiyohiyo kwa mwenye duka, fundi cherehani, mwalimu na mtendaji wa kijiji. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini ana presha, ugonjwa tuliouzoea kuuona kama wa watu wa mjini.

Na mkulima je? Mtafiti Andreas Holtermann wa Denmark na wenzake wameonyesha kwamba kazi nzito ya kutwa haimpi mtu kinga ileile ya moyo anayoipata anayetembea au kukimbia kwa hiari yake. Wako wanaompinga, wakisema sababu ni umaskini na sigara, na ushahidi mwingi umetoka nchi tajiri, kwa hiyo nausoma kwa tahadhari. Lakini maelezo yake yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kupalilia karanga siku 6 mfululizo: kazi hupandisha mapigo kiasi kwa saa nyingi, huinamisha mwili upande mmoja, kisha huendelea kesho yake hata kama mwili haujapona.

Hapa ndipo pumziko linapoingia. Zoezi lenyewe halijengi misuli. Linaichosha, linaiumiza kidogo, kisha chakula na usingizi hufanya ujenzi. Pumziko lililozidi nalo limepimwa. Mwaka 1966, huko Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya walilazwa kitandani wiki 3 bila kusimama. Uwezo wa miili yao kutumia hewa ya oksijeni ulishuka vibaya. Walipopimwa tena mwaka 1996, wakiwa na miaka 50, ilionekana kwamba zile wiki 3 za kitandani ziliwashusha kuliko miaka 30 ya kuzeeka iliyofuata. Halafu wakafanya mazoezi ya taratibu kwa miezi 6, na kile umri ulichochukua katika uwezo huo kikarudi chote.

Wazee wasijitoe katika habari hii. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone alichapisha matokeo ya wazee 10 wa nyumba ya kulea wazee huko Boston, umri wao ukikaribia miaka 90 na wengine ukiipita. Walifanya mazoezi ya nguvu za miguu wiki 8. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliweka fimbo zao kando. Kila ninapousoma utafiti huo namkumbuka bibi anayeshindwa kunyanyuka kwenye mkeka, na watu wote nyumbani tukisema ni uzee tu.

Sasa kiasi gani kinatosha? Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataja dakika 150 hadi 300 kwa wiki za juhudi ya wastani, au dakika 75 hadi 150 za juhudi kali, pamoja na siku 2 au zaidi za kukaza misuli. Mwongozo huohuo unasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Mtu atajuaje juhudi ya wastani ni ipi, ikiwa hana saa ya kupima mapigo? Gunnar Borg wa Sweden alitunga ngazi ya namba 6 hadi 20 ambapo mtu hujitajia mwenyewe ugumu anaousikia. Namba hiyo ukiizidisha mara 10 unapata makadirio ya mapigo ya moyo kwa dakika. Ni kazi nzuri. Lakini sisi Watanzania tuna kipimo kilichotutangulia vifuani mwetu: mchakamchaka.

Kumbuka asubuhi za shule, au za JKT kwa waliopita huko. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Kiongozi mzuri hakimbizi kundi hadi wimbo ukakatika, kwa sababu wimbo ukikatika kundi limekufa. Maabara zimekuja kuthibitisha jambo hilohilo kwa jina la kipimo cha kuongea: ukiweza kuimba bila taabu, juhudi ni ndogo, ukiweza kuongea lakini kuimba kunakushinda, uko kwenye wastani, ukibaki na neno moja moja kati ya pumzi, umeingia kwenye kali. Anayeanza na akae kwenye eneo la kati. Wengi huacha tizi wiki ya pili kwa sababu walianza kwenye eneo la mwisho, wakimfukuza kijana wa JKT waliyekuwa miaka 20 iliyopita.

Basi, ratiba. Jua la Kabungu huchomoza karibu nusu saa baada ya lile la Dar es Salaam, na huzama nyuma yake vilevile, hivyo jioni zetu zina mwanga mrefu. Tumia jioni hiyo. Wiki 2 za mwanzo tembea dakika 20, siku 3 kwa wiki, ukiruka siku moja katikati. Wiki mbili zinazofuata fikisha dakika 30. Kuanzia wiki ya 5, ukitaka, changanya: dakika moja ya kukimbia polepole, mbili za kutembea. Siku 2 za wiki ongeza misuli: kaa kwenye kigoda na kusimama bila kushika kitu, mara 10, piga pushapu ukiegemea ukuta au mwembe, mara 10, beba dumu la lita 10 mkono mmoja, hatua 40, kisha ubadilishe mkono, simama kwa mguu mmoja ukihesabu hadi 20. Pumzika dakika 2, rudia mzunguko. Kigoda kikizoeleka, chuchumaa bila kigoda. Ukuta ukizoeleka, shusha mikono hadi kwenye benchi.

Lipo jambo moja ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Katika wiki za mwanzo utajisikia umepata nguvu haraka sana. Ni mishipa ya fahamu inayojifunza kuiamuru misuli. Misuli yenyewe bado haijanenepa. Kano zinazounga misuli na mifupa huimarika polepole zaidi. Ndiyo maana watu huumia wiki chache baada ya kuanza, pale pumzi inaporuhusu kisichoruhusiwa na kisigino. Maumivu ya misuli yanayokuja siku moja au mbili baada ya zoezi ni ya kawaida, hupita. Maumivu makali ya sehemu moja, hasa kwenye kiungo, ni amri ya kusimama.

Mkulima hahitaji ratiba hiyo nzima mwezi wa Desemba. Wakati wa kulima afanye dakika 10 za kuupinga mwinamo wa jembe: kulala kifudifudi na kuinua kifua taratibu, kunyoosha mapaja, kubeba dumu kwa mkono ambao haushiki mpini mbele. Mavuno yakishaingia ndani, kiangazi, mwili unaposhtukia kukaa, ndipo aanze kutembea kwa mpango.

Wengine wataanza ili wapunguze uzito, nami sitaki wadanganyike. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi, watu wanaotembea mwendo mrefu kila siku wakiwinda na kuchimba mizizi. Ukizingatia ukubwa wa miili yao, nishati wanayotumia kwa siku haikupishana na ya watu wa Marekani na Ulaya. Maelezo ya Pontzer ni kwamba mwili hubana matumizi sehemu nyingine. Kwa hiyo kitambi kitasikiliza zaidi sahani ya ugali na soda ya jioni. Moyo, sukari ya damu, usingizi na mifupa ndivyo vitakavyosikiliza mazoezi.

Mwenye presha, kisukari, mimba, au aliyewahi kubanwa na kifua, apite kwanza zahanati apimwe na aongee na mhudumu. Ukiwa na homa usifanye zoezi lolote. Kwetu homa inaweza kuwa malaria, kapime. Kunywa maji kabla ya kutoka.

Chukua daftari la shule, uligawe safu tatu: tarehe, dakika, na kama wimbo uliwezekana au ulikatika. Chagua njia ileile kila mara, kwa mfano kutoka nyumbani hadi shule ya msingi na kurudi. Baada ya wiki 12 pita njia hiyo na wimbo uleule, uone unakatikia wapi. Kwa leo andika mstari wa kwanza, na mstari wa kesho uandike "pumziko".