Kupanga Umeme na Taa katika Chumba cha Kunasa Muziki

Natumaini nyote mmekwisha kaa, na daftari na kalamu ziko tayari. Mwalimu wa darasa awe karibu na ubao, maana leo tuna hesabu kidogo.

Siku hizi si lazima kwaya au kikundi cha taarab kisafiri mpaka mji mkubwa ili kunasa nyimbo zake. Kwa kompyuta moja, mikrofoni mbili tatu na chumba kimya, kazi yaweza kufanyika nyumbani. Lakini vikundi vingi hununua mashine kwanza, na umeme hukumbukwa mwisho. Hapo ndipo hasara inapoanza. Nyimbo hutoka na mvumo kama wa nyuki mzingani. Na mara nyingine hutokea jambo baya zaidi: mtu hupoteza maisha yake. Leo tutazungumza juu ya mambo hayo mawili, mvumo na mauti, kwa sababu yanakaa karibu kuliko tunavyodhani.

Tuchukue mfano. Kwaya imepata nyumba ya vyumba viwili. Chumba kimoja ni cha waimbaji na wapiga vyombo. Cha pili ni cha mtu wa kuendesha mashine. Kazi ya kwanza ni kuandika kila kitu kitakachotumia umeme, na wati zake. Wati huandikwa nyuma ya mashine. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni:

Kompyuta na kioo chake: wati 300
Spika mbili: wati 160
Mashine ya kuchanganya sauti: wati 40
Amplifaya mbili: wati 200
Kinanda: wati 20
Taa 6 za wati 10: wati 60
Mashine ya kupoza hewa: wati 1,150

Jumlisheni. Mmepata wati 1,930. Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230. Gawanyeni 1,930 kwa 230, mtapata ampea 8 na kitu. Huo si umeme mwingi. Jiko la umeme kubwa hutumia zaidi. Basi shida ya chumba cha muziki si wingi wa umeme. Shida ni mpango wake.

Mpango mzuri una njia tatu, na kila njia ina swichi yake ya kujikata katika boksi kuu. Njia ya kwanza ni ya taa. Ya pili ni ya soketi za mashine za sauti. Ya tatu ni ya mashine ya kupoza hewa peke yake. Kwa kawaida mafundi hutumia waya wa milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na 4 kwa mashine ya kupoza hewa. Kwa nini tutenge? Kwa sababu mashine ya kupoza hewa inapowaka huvuta umeme kwa ghafla, na mshtuko huo huweza kuingia katika wimbo. Kadhalika, njia moja ikijikata, nyingine hubaki. Hamtaachwa gizani kwa sababu ya amplifaya mbovu.

Sasa, mvumo hutoka wapi? Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Umeme utokao katika mikrofoni ni mdogo sana, pengine sehemu chache za elfu za volti moja. Ukilaza waya wa mikrofoni sambamba na waya wa umeme, ule mdogo husikia kishindo cha mkubwa. Basi, waya za umeme zipite ukuta mmoja, na za mikrofoni zipite ukuta mwingine. Zikilazimika kwenda pamoja, ziachane angalau sentimita 30. Zikilazimika kukutana, zikatane kama msalaba.

Lakini kuna mvumo wa namna ya pili, na huu ndio wenye hatari. Fikirini matangi mawili ya maji, moja limekaa juu kidogo kuliko lingine. Ukiyaunganisha kwa mpira, maji yatatembea mpaka yawe sawa. Umeme ni hivyo hivyo. Ukichomeka amplifaya katika soketi ya chumba kimoja, na kompyuta katika soketi ya mbali inayotoka njia nyingine, waya wa ardhi wa huku na wa kule hauwi sawa kabisa. Ukiunganisha mashine hizo kwa waya wa sauti, umeme kidogo hutembea ndani yake, nanyi mnasikia mvumo.

Hapo hutokea fundi wa mtaani. Anakata pini ya tatu ya plagi, au anafungua plagi na kuchomoa waya wa ardhi, ule wa kijani wenye mistari ya manjano. Mvumo unakoma. Watu wanampigia makofi. Ndugu zangu, huyo amefanya kama mtu aliyemwua mbwa wake wa ulinzi kwa sababu alibweka usiku.

Sikilizeni kazi ya waya huo. Ndani ya amplifaya, waya wa moto ukilegea na kugusa bati la mashine, waya wa ardhi huupeleka umeme ardhini, na swichi hujikata. Waya huo usipokuwapo, bati hubaki na umeme, kimya, likingoja mtu. Nyuzi za gitaa zimeungana na bati hilo. Mpiga gitaa ameshika nyuzi kwa mkono mmoja, kisha anashika mikrofoni ya chuma kwa mkono wa pili. Umeme unapita kifuani mwake, penye moyo. Tarehe 3 Mei 1972, mjini Swansea katika nchi ya Wales, mpiga gitaa Les Harvey alifariki jukwaani mbele ya watu baada ya kushika mikrofoni. Vyombo havikuwa vimeunganishwa sawasawa na ardhi.

Basi tufanyeje? Kwanza, mashine zote za sauti za vyumba vyote viwili zitoke katika njia ile moja ya soketi, ili matangi yetu yawe usawa mmoja. Pili, msichimbie fimbo ya pili ya shaba kwa ajili ya mashine za sauti peke yake. Hilo huleta tofauti ile ile. Tatu, mvumo ukibaki, nunueni kisanduku cha kutenganisha, ambacho huwekwa katikati ya waya wa sauti. Kateni njia ya mvumo katika waya wa sauti. Msiikate kamwe katika waya wa umeme. Nne, mwambieni fundi aweke swichi ya kinga ya milliampea 30. Hiyo hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ukipotea kidogo njiani, hukata mara moja. Bonyezeni kitufe chake cha kujaribia mara kwa mara. Lakini swichi hiyo ni msaidizi wa waya wa ardhi, si badala yake.

Tumalizie na taa. Taa za mirija za namna ya zamani hulia, na swichi za kupunguza mwanga huleta mkwaruzo katika gitaa. Tumieni taa za LED zilizo nzuri. Washeni moja karibu na mikrofoni, sikilizeni, ndipo mnunue zote. Chumba cha muziki aghalabu hakina dirisha. Wekeni taa moja ya betri juu ya mlango, ili umeme ukikatika watu watoke bila kukanyagana. Na nje ya mlango wekeni taa nyekundu, mtu asiingie wakati wa kunasa.

Mwisho, kazi yenu ni kuchora ramani na kufanya hesabu. Kufunga waya ni kazi ya fundi mwenye leseni. Msione haya kumwuliza: “Waya wa ardhi uko wapi? Umeupima?” Fundi mwema atafurahi kuwaonyesha.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kikundi kimeongeza amplifaya ya wati 370. Jumla ya wati sasa ni ngapi? Ni ampea ngapi?
2. Kwa nini taa ziwe na njia yake?
3. Mwenzako anataka kukata pini ya plagi ili mvumo ukome. Utamwambia nini?

Kwaherini, wasikilizaji wapenzi, mpaka somo lijalo.