Gurudumu linapovuma: kwa nini tubadilishe rulema mbele ya kuteremka Sake

Kila mtu aliyepanda gari kutoka Mushaki kwenda Sake anaujua ule mteremko. Kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde. Ndani ya gari kuna bido za maziwa, fromaji, magunia ya viazi na makala, na juu ya mizigo watu wamekaa. Tunaogopa freni kukatika, na ni haki. Lakini kuna kitu kingine kidogo ambacho wasafiri wengi hawakijui: rulema ya gurudumu.

Gari nyingi za njia hii ni jeep za zamani, zaidi Toyota Land Cruiser. Aina ya 70 ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na zile za miaka mingi bado zinapanda milima ya Masisi. Ni gari nguvu, lakini hazikatai kuzeeka.

Rulema inafanya kazi gani?

Gurudumu limefungwa kwenye muaye, ndiyo kitovu chake. Ndani ya muaye wa mbele wa gari hizi kuna rulema mbili, moja ya ndani na moja ya inje. Kila moja ina vyuma vidogo vya mviringo vinavyozunguka ndani ya kikombe cha chuma, katikati ya grisi. Rulema hizo ndizo zinabeba uzito wote na kuacha gurudumu lizunguke bila kusugua ekseli.

Maadui wake ni watatu: maji, vumbi na mzigo kupita kiasi. Gari ikitembea, muaye unapata moto. Ukiingia mtoni ungali na moto, hewa ya ndani inapoa gafula na muaye unavuta maji kupitia ile duara ya mpira inayozuia grisi isitoke. Kama duara imezeeka, maji na tope vinaingia. Grisi inageuka kama maziwa, kutu inaanza.

Namna ya kuijua mapema

Dalili ya kwanza ni sauti: gurudumu linavuma, na sauti inapanda wakati mwendo unapanda. Mara nyingi inabadilika ukikata kona.

Ya pili ni moto. Ukifika Sake, freni zimepashia magurudumu yote moto, kwa hiyo linganisha kushoto na kuume. Moja likiwa na moto kupita lingine, jiulize. Usishike chuma na kiganja, utaungua. Karibisha tu mgongo wa mkono.

Ya tatu: simamisha gari pahali sawasawa, weka mawe kwenye magurudumu mengine, inua na kriki. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, mwenzako akanyage freni. Kama mchezo unaisha, shida iko kwenye rulema. Kama unabakia, tafuta kwenye viungo vya usukani.

Kazi yenyewe

Usilale chini ya gari inayosimama juu ya kriki peke yake. Weka vigogo au vyuma vya kuishikilia.

Fundi anatoa gurudumu, kisha kibano cha freni. Kibano hicho kifungwe na kamba pembeni, kisining'inie kwenye bomba la mafuta ya freni. Anafungua kifuniko cha 4x4 na kufikia nati mbili kubwa za katikati. Kwa Land Cruiser hizi, ufunguo wake ni wa mm 54. Wengine wanazipiga kwa nyundo na patasi. Hapo nati inaharibika, na hakuna tena anayeweza kupima ukazo wake.

Muaye ukitoka, safisha kila kitu na uangalie. Chuma chenye mashimo, kinachobanduka au kilichogeuka rangi ya bluu kimekwisha. Rulema mpya inaingia pamoja na kikombe chake kipya. Kikombe cha zamani kitaikula mpya haraka. Duara ya mpira pia ibadilishwe. Na kama ncha ya ekseli imelika au kikombe kinacheza ndani ya muaye, rulema mpya haitaponya kitu. Muaye au ncha yenyewe ndiyo ya kubadilisha.

Grisi iingizwe kwa mkono mpaka ipenye kati ya vyuma vyote. Kuipaka juu juu haitoshi. Usichanganye grisi mpya na ya zamani.

Pahali wengi wanakosea ni kukaza. Nati ikilegea, gurudumu linacheza na kuharibu vyote. Ikikazwa sana, rulema inaungua. Fundi anakaza huku akizungusha muaye huku na huku ili rulema zikae, analegeza, kisha anakaza tena kwa kipimo cha gari hiyo. Gurudumu lizunguke vizuri bila kucheza. Mwishoni anakunja bati la kufungia nati, isijifungue njiani.

Nyuma ya kilometa chache, simama, pima moto. Nyuma ya siku kadhaa, inua tena utikise.

Kwa wenye gari: mukipita mara nyingi ndani ya maji, fungueni muangalie grisi mwanzo na mwisho wa mvua. Kwa ninyi wasafiri: mukisikia gurudumu linavuma, mwambieni dereva mbele ya mteremko. Kumwambia si kumtukana. Muko pamoja ndani ya gari moja.