Mashujaa wa Chuma na Manyoya

Msomaji mpenzi, wako washabikiao ngumi, na wako wafao kwa mpira. Mimi, na mvi zangu hizi, nimenaswa na mapigano ya roboti, wala sioni haya kukiri.

Mchezo huu uliandaliwa mashindano San Francisco, Marekani, mwaka 1994, kwa juhudi za Marc Thorpe. Mwaka 1998 ukaingia televisheni ya BBC, Uingereza. Mashine haina akili yake: mwenyewe husimama kando ya ulingo, akaiongoza kwa mawimbi ya redio.

Kilichoniteka si nguvu, bali maumbo. Mwaka 1995 Jamie Hyneman alileta Blendo, karai la Kichina lililofunikizwa, likizunguka kama pia. Vipande vya wapinzani viliruka hata waamuzi wakaona ni hatari mno, ikaondolewa. Nayo Chaos 2 ya Uingereza ilikuwa na bapa lisukumwalo kwa gesi. Iliwabinua wenzake hata kuwatupa nje ya ulingo, ikatwaa ubingwa mara mbili mfululizo.

Lakini kipenzi changu ni Diotoir, kutoka Ayalandi. Hiyo ilivikwa manyoya ya bandia, mekundu yenye madoa meusi! Ulingoni mlikuwa na ndimi za moto, nayo ikiungua mara kwa mara, watazamaji wakishangilia. Ubingwa haikuupata kamwe.

Wako wasemao huo ni mzaha mtupu. Basi na wajiulize: kila fundi angaliiga bingwa, tungalitazama nini, ila mabati ya sura moja yakigongana? Mshindi apewe kombe lake. Mimi nampigia makofi aliyethubutu kuivika mashine manyoya, akaileta motoni.